Tusinunue jina tukadhani tumenunua gari

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilizaliwa pwani, kwenye majahazi, lakini mimi hunijia kila jioni nipitapo katika vijia vya Manyatta, hapa Kisumu, nikitazama magari yaliyoegeshwa kando ya malango ya ploti. Katikati ya magari ya Kijapani tuliyoyazoea, siku hizi huonekana saluni ndogo za Kijerumani: Volkswagen, Audi, BMW na Mercedes-Benz za daraja la chini. Yapo yanayong'aa kama yaliyotoka kiwandani jana. Yapo na mengine ambayo hayajasogea kwa miezi kadhaa. Yamepandishwa juu ya mawe, vumbi limefunika vioo, na kuku wamepata kivuli. Wenyewe si matajiri. Aghalabu ni walimu, wauguzi, makarani wa kaunti, na sisi wahadhiri wa vyuo.

Je, magari haya ni mabovu? La hasha. Ni magari yaliyoundwa kwa ustadi, thabiti barabarani na yenye kumlinda abiria vyema. Basi kwa nini hununuliwa kwa furaha na kuegeshwa kwa majonzi? Jibu langu ni kwamba bei tunayotajiwa ni bei ya kununua, ilhali bei ya kumiliki haitajwi na mtu yeyote. Haitajwi kwa sababu tatu: jina la gari limebaki na maana yake ya zamani ilhali gari lenyewe limebadilika, sheria zetu hulileta gari nchini katika umri wake wa gharama kubwa, na habari za maisha yake huachwa kule lilikotoka.

Nianze na jina, kwa kuwa hilo ndilo shamba langu. Katika taaluma ya isimu twafundisha kwamba neno na kitu kinachotajwa na neno hilo ni mambo mawili, na kwamba kitu chaweza kubadilika kabisa huku neno likibaki vile vile. "Gari la Kijerumani" ni mfano mwema. Sifa za neno hili katika Afrika Mashariki zilijengwa na babu zetu kwa macho yao. Mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, Volkswagen lile la mviringo liliibuka mshindi, likashinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962. Mercedes-Benz likatwaa ushindi mara tatu mfululizo, mwaka 1959, 1960 na 1961. Katika tope na vumbi la barabara za wakati huo, ushindi kama huo haukuhitaji tangazo la gazeti. Neno "la Kijerumani" likawa na maana ya kitu kisichokufa.

Lakini tukumbuke Volkswagen lile lilikuwa kitu gani. Injini yake ilikaa nyuma, ikapozwa kwa upepo, haikuwa na rejeta wala maji. Fundi mwenye spana, bisibisi na akili timamu aliweza kuifungua chini ya mti na kuifunga kabla ya magharibi. Gari linaloitwa kwa jina hilo hilo leo lina turbo, petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa kani kubwa, na kompyuta ndogo ndogo zinazoamrisha injini, breki, mifuko ya hewa na hata milango. Baadhi yake yana giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili kavu, inayobadilisha gia yenyewe kwa amri ya mtambo wa umeme na mafuta. Hiki ni kitu kingine kabisa. Sisi tumerithi sifa ya kile cha kwanza, tukalipia matengenezo ya hiki cha pili.

Sababu ya pili imo katika njia ambayo gari hupitia hadi kutufikia. Ujerumani huendesha magari upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani wa magari ya huko uko kushoto. Sisi twaendesha upande wa kushoto, na sheria yetu yadai usukani uwe kulia. Kwa sababu hiyo, gari kuukuu la Kijerumani linaloshushwa katika bandari ya Mombasa kwa kawaida halikutoka Ujerumani hata kidogo. Limeishi Ujapani, au pengine Uingereza, nchi zinazoendesha kama sisi.

Sasa Ujapani ina ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari jipya la kibinafsi hukaguliwa mara ya kwanza likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Yaani mwaka wa 3, wa 5, wa 7 na kuendelea. Ukaguzi huo, pamoja na ada zake na matengenezo yanayoandamana nao, huwagharimu Wajapani fedha nyingi, na wengi huona afadhali kuliuza gari kuliko kulipitisha tena. Gari la kigeni huko hupoteza thamani upesi kuliko la nyumbani. Ndiyo maana mnunuzi wa Kisumu huona saluni ya Kijerumani inauzwa kwa bei sawa na ya Toyota ya kawaida ya mwaka huo huo, au hata chini yake, akadhani amebahatika. Ukweli ni kwamba soko la Ujapani limekwisha kupiga hesabu ya matengenezo yajayo, likaiondoa katika bei. Punguzo lile si zawadi. Ni deni ambalo mwenye gari wa kwanza amelikwepa na kumkabidhi wa pili.

Kwa upande wetu, Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa (KEBS) halikubali gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Hapo hapo, ushuru hupigwa kwa thamani inayopunguzwa kadiri gari linavyozeeka. Weka kanuni hizi mbili pamoja uone zinamwambia nini mtu wa mshahara: subiri gari likaribie ukomo wa miaka 8, ndipo ulipe ushuru mdogo kabisa unaowezekana. Basi sisi hulinunua gari likiwa na miaka 7, wakati uo huo ambapo Mjapani ameona ukaguzi wa mwaka wa 7 haustahili gharama. Desemba ifikapo, wauzaji hukimbizana kuwahi kabla mwaka haujageuka na kundi zima la magari kufungiwa mlango. Katika haraka hiyo, ni nani anayepata muda wa kuuliza?

Nasema haya nikiwa mmoja wa waliokosa kuuliza. Nina gari dogo la aina hiyo. Jina la kiwanda chake nitalihifadhi, kwa maana kosa lilikuwa langu. Mwaka wa kwanza lilinipeleka kazini na kunirudisha kama mtumishi mtiifu. Mwaka wa pili likaanza kusita kila nilipolitoa katika msongamano wa Kondele, kisha taa ya njano ikawaka mbele yangu na kukataa kuzima. Nikalipeleka kwa fundi ninayemheshimu sana, mzee aliyetengeneza magari kabla mimi sijaingia shule ya upili. Alilisikiliza, akalizunguka, akafunga boneti taratibu.

"Mwalimu," akaniambia, "gari hili linasema. Ila lugha yake mimi sikufundishwa."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo kuhusu tatizo hili. Gari la siku hizi kweli linasema. Jumuiya ya Ulaya ililazimisha magari mapya ya petroli yawe na mfumo wa kujichunguza kuanzia miaka ya 2000 na 2001, nao mfumo huo huandika kila hitilafu kwa alama za herufi na tarakimu. Kifaa cha kusomea alama hizo hupatikana sasa hata kwa vijana wa juakali. Lakini kusoma alama si kuelewa maana. Alama ya P0300, mathalan, husema tu kwamba moto haushiki sawasawa katika silinda kadhaa. Chanzo chaweza kuwa plagi, koili, petroli chafu, hewa inayovuja au injini iliyochakaa. Fundi asiyejua kutofautisha dalili na ugonjwa hubadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu, kila mara kwa fedha za mwenye gari, hadi abahatishe. Nadhani sehemu kubwa ya gharama tunazozilalamikia si bei ya vipuri tulivyovihitaji, bali ni bei ya vipuri ambavyo hatukuvihitaji.

Fundi wangu alikuwa mwaminifu, akanielekeza kwa kijana aliyesomea mitambo ya aina hiyo. Kijana akagundua kwamba hitilafu ilikuwa katika giaboksi. Kipuri hakikuwepo Kisumu. Kikatafutwa Nairobi, katika maduka ya Kirinyaga Road ambayo wengi bado huyaita Grogan, kikapakiwa katika basi na kusafiri kilomita zipatazo 350. Cha kwanza kilikuja kikiwa cha muundo mwingine, kikarudishwa. Kwa majuma matatu nilipanda bodaboda na matatu kama zamani, huku nikilipia gari lililolala. Gharama yote ilizidi mshahara wangu wa mwezi.

Hilo la kipuri linahitaji kuelezwa, maana wengi hudhani wauzaji wana chuki na wenye magari ya Kijerumani. Kipuri huwa rahisi mahali ambapo magari ya aina moja ni mengi. Muuzaji wa Kisumu anajua kwamba breki za Toyota atazimaliza wiki hii; koili ya saluni ya Kijerumani yaweza kukaa rafuni mwaka mzima. Kwa hiyo haiweki, au akiiweka huongeza bei ili kufidia kungoja. Kadhalika, viwanda vya Ujerumani hubadilisha muundo wa kipuri mara kwa mara hata ndani ya modeli moja, hivi kwamba kukitafuta kwahitaji nambari kamili ya chasisi wala si jina la gari tu. Asiyejua hili hununua mara mbili.

Sasa nije kwenye sababu ya tatu, ambayo ndiyo iliyoniuma zaidi. Baada ya gari kupona, nilisafisha kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, nikakuta kijitabu nilichokiona siku ya kwanza na kukipuuza kwa kuwa kimeandikwa Kijapani. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyejifunza lugha hiyo alikisoma kwa dakika chache. Kilikuwa kumbukumbu ya matengenezo: kila ukaguzi, kila oili iliyobadilishwa, kilomita zilizosomwa. Katika ukurasa wa mwisho fundi wa huko alikuwa ameandika kwamba giaboksi ichunguzwe. Mimi, msomi wa lugha, nilikuwa nimebeba onyo hilo mwaka mzima umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye usukani.

Onyo kama hilo halihusu gari moja tu. Novemba 2013, kampuni ya Volkswagen ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 1.6 duniani yenye giaboksi ya gia saba, ili oili ya kutengenezwa kikemikali iliyomo ibadilishwe na kuwekwa oili ya madini. Ilielezwa kwamba hitilafu ya umeme ingeweza kutokea, hasa katika nchi zenye joto na unyevu, na katika safari za kusimama na kuondoka kila mara. Msomaji wa Kisumu atatambua kwamba hayo ni maelezo ya jiji letu lililo ufuoni mwa ziwa. Wala tusiwaonee Wajerumani peke yao. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Ujapani ilisababisha mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali, zikiwemo za Kijapani, kuitwa viwandani ulimwenguni kote. Swali langu ni hili: wito kama huo unapotolewa, ni nani huufikisha kwa mwalimu wa Manyatta aliyenunua gari hilo mkono wa pili? Kiwanda hakimjui, na mwuzaji amekwisha kupokea fedha zake.

Yote haya yangekuwa masikitiko ya mtu binafsi lau mwalimu angekuwa ananunua gari kwa akiba yake. Lakini walimu wengi hununua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, mkopo unaodhaminiwa na wenzao wa chumba kimoja cha walimu. Tupige hesabu ya mfano. Mtu akikopa shilingi 900,000 kwa miezi 48, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka kwa salio linalopungua, atalipa takriban shilingi 23,700 kila mwezi, na mwishowe atakuwa amelipa kama shilingi 1,137,000. Hesabu hiyo huonyeshwa kila mkopaji. Isiyoonyeshwa ni hii: tuseme matengenezo yanadai wastani wa shilingi 8,000 tu kwa mwezi, katika miezi ile ile 48 yatafika shilingi 384,000, kabla ya petroli na bima. Na petroli nayo haijasimama. Ushuru wa kukarabati barabara pekee ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mnamo Julai 2024.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yazidi theluthi mbili za mshahara. Ni sheria ya hekima, ila ina jicho moja. Huliona deni la chama, hailioni deni la fundi. Mwalimu anayebakiwa na theluthi yake moja kwenye karatasi ya mshahara huenda tayari ameiahidi kwa giaboksi. Akishindwa, chama huwageukia wadhamini, na hapo gari lililoharibika katika ploti moja ya Manyatta hupunguza chakula katika nyumba nyingine ambazo hazijawahi hata kulipanda. Urafiki wa miaka huvunjika kwa ajili ya kipuri.

Nini kifanyike? Wapo wasemao jawabu ni moja: nunua Toyota unyamaze. Ushauri huo una busara ya leo, lakini hauna maisha marefu. Magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, na yale ya umeme mtupu, yanazidi kuingia nchini, na hayo nayo yana kompyuta, betri za bei kubwa na lugha ambayo mzee wangu wa spana hakufundishwa. Saluni ya Kijerumani imetangulia tu kutuonyesha njia ambayo magari yote yanaiendea.

Kwanza, Serikali ibadilishe inachokiuliza bandarini. Kabla ya gari kusafirishwa kutoka Ujapani, wakala wa KEBS hulikagua kama linafaa barabarani, na ukaguzi huo hujumuisha hata kupima mnururisho. Ikiwa twaweza kupima mnururisho, hatuwezi kushindwa kudai kumbukumbu ya matengenezo iliyotafsiriwa, pamoja na taarifa kama gari liliwahi kuitwa na kiwanda na kama lilitengenezwa. Karatasi hizo ziandamane na gari hadi kwa mnunuzi wa mwisho.

Pili, mwaka 2025 Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) ilitoa rasimu ya kanuni za kukagua hata magari ya kibinafsi yenye umri wa zaidi ya miaka 4. Wengi walilalamika kwamba ni njia nyingine ya kutoza fedha, na baada ya pendekezo la mwaka 2024 la kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ambalo liliondolewa kwa shinikizo la umma, lawama hiyo yaeleweka. Hata hivyo, ukaguzi wenye ripoti ambayo mwenye gari anaielewa ungekuwa na faida. Ukaguzi wa kupiga mhuri tu utakuwa ushuru kwa jina lingine.

Tatu, na hili lawahusu walimu na wanafunzi moja kwa moja, vyuo vyetu vya kiufundi vifundishe kuchunguza kabla ya kufundisha kubadilisha. Viwaite mafundi wazee wa juakali wajifunze lugha ya mitambo mipya kwa kozi fupi za jioni, na wafundishwe kwa Kiswahili. Kiswahili hakishindwi. Kilipokea gia, klachi, breki na pistoni bila kuomba radhi, na hakuna kinachokizuia kupokea vitambuzi na kompyuta za injini. Fundi aliyeeleweshwa kwa lugha anayofikiria nayo hatabahatisha kwa fedha za mteja.

Nne, mnunuzi mwenyewe aanze kuuliza kabla ya kukopa. Aulize giaboksi ni ya aina gani na oili yake ilibadilishwa lini. Aulize ni fundi yupi wa Kisumu, si wa Nairobi, anayelijua gari hilo, na akamwone kwanza. Aulize bei ya vipuri vitano vinavyoharibika mara nyingi, kisha aweke kando fedha za matengenezo ya mwaka mmoja kabla ya kutia sahihi. Akiona fedha hizo hazipatikani, basi gari hilo si lake bado, hata kama mkopo umepita.

Wajerumani walipotawala Tanganyika waliiachia lugha yetu maneno machache ya kukumbukwa. Mawili kati ya hayo ni shule, kutoka neno lao Schule, na hela, kutoka sarafu yao iliyoitwa Heller. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba mwenye kununua gari kuukuu la Kijerumani atayakuta maneno hayo yote mawili. Asipotanguliza la kwanza, atalipa kwa la pili. Kuuliza si ujinga, nasi walimu ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kuuliza.